Kapu la simu na kamera mbili za bei moja

Saa tisa alasiri, mlangoni pa nyumba moja mjini Msambweni, kapu la ukindu linajaa simu. Zimo za kioo kipana, zimo za vitufe, na moja imefungwa kwa mpira ili betri yake isidondoke. Kila mwanamke anayefika anasalimu, anavua viatu, anatumbukiza simu yake na kuingia ndani kunakotoka ngoma na vicheko.

Mlinzi wa kapu ni Bi Maimuna, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, shangazi ya mama wa bibi harusi. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ameinyoosha, na hana haraka na mtu.

"Shikamoo Bi Maimuna," anasema mwanamke mwembamba aliyevaa dera la buluu, begi dogo begani.

"Marahaba. Simu?"

"Nimeiwacha nyumbani leo."

"Na hicho ulichoshika?"

"Kamera, Bi."

"Kinazungumza na simu?"

"Hakizungumzi na mtu. Hata mimi nikikibonyeza hunijibu kinapotaka."

Bi Maimuna anaichukua kamera ile ndogo ya rangi ya fedha. Anaigeuza juu chini, anaiweka sikioni, kisha anairudisha bila kucheka. "Haya, ingia. Lakini mimi niko hapa na kapu liko hapa. Kikiwaka kitu, mwanangu, unatoka, na hurudi tena."

Winrose Kavenya, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, anavua viatu. Amepiga picha za kupamba kusini mwa Pwani kwa miaka kumi na moja, lakini leo anaingia kama mwanagenzi. Hii ni mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti cha nyumba hii tangu alipoaibika hapa hapa miezi mitatu iliyopita. Leo ikiharibika, hakuna mlango wa Msambweni utakaomfungukia tena, na anajua.

Kwa msomaji asiyejua, kupamba ni sherehe ya wanawake peke yao. Bibi harusi huonyeshwa alivyopambwa, hina mikononi na miguuni, dhahabu, nywele wazi, nao wenzake hucheza, mabuibui yakiwa yametundikwa ukutani. Mwanamume haingii. Siku hizi simu nayo haiingii, maana picha moja ikichomoka humo, kabla jua halijatua imeshafika Dubai na kurudi.

Mwandishi wa makala haya, kwa kuwa ni mwanamume, alipewa nafasi barazani kando ya kapu, chai ya tangawizi na onyo. Simu yake pia ilitumbukizwa. Yaliyotokea ndani aliyasikia tu, na ya macho alisimuliwa na waliokuwa na haki ya kuyaona.

Winrose si mwenyeji wa Msambweni. Wazazi wake ni Wakamba waliohamia Shimba Hills kulima machungwa, na huko ndiko alikozaliwa. Alikuja Diani akiwa binti, akatandika vitanda katika hoteli moja ya ufuoni kwa miaka sita. Hoteli ilipofungwa alitoka na mshahara wa mwezi mmoja na kamera kuukuu aliyoachiwa na mgeni.

"Nilianza na picha za vitambulisho, halafu watoto wa shule, halafu watalii na ngamia," anasema. "Kupamba sikukujua kabisa. Jirani yangu wa Ukunda aliniita kwa sababu mpiga picha wao alikuwa mwanamume na akina mama walimfungia mlango. Nikaingia, nikaona dhahabu, nikaona wamama wanacheza, nikajiambia, hapa ndipo pangu."

Kuna waliouliza kwa nini wanawake wa Kidigo na Waswahili wa Pwani wamwamini Mkristo wa kutoka bara kuliko binti zao wenyewe. Bi Maimuna ana jibu lake, na analitoa huku akitazama kapu.

"Binti yangu ana kaka, ana shemeji, ana binamu kumi na watatu. Picha atamwonyesha mmoja tu, kwa siri, na huyo mmoja naye ana mmoja wa kumwonyesha. Winrose hapa hana mtu. Akirudi kwao atamwonyesha nani?"

Winrose mwenyewe hucheka akisikia hivyo. "Mama yangu hata hataki kuona picha. Yeye huuliza tu kama nimekula."

Tena ana utaratibu wake ambao hauvunji. Sherehe ikiisha, hutoa kadi ya kamera mbele ya watu wote na kumkabidhi mama wa bibi harusi. Kadi hailali kwake. Mama huchagua picha kwa wakati wake, huirudisha kadi mwenyewe, na Winrose huchapisha zilizochaguliwa tu, kwa mashine yake iliyo chumbani, mume akiwa kazini.

Kwa kazi ya alasiri moja hulipwa shilingi elfu sita. Katika miezi ya harusi huweza kupata nne au tano, nazo humpa zaidi ya nusu ya mapato yake ya mwaka. Picha nyingine zote, anasema, ni za kununulia sukari.

Mambo yalianza kwenda mrama kamera yake ya zamani ilipokufa. Mchanga na chumvi ya Diani viliingia kwenye lenzi, ikawa inafunguka nusu na kulia. Winrose alikwenda Ukunda kwa Feisal, kijana anayeuza kamera katika kibanda kisichozidi upana wa kitanda, akakuta mbili zinazomfaa, zote ndogo za kutia mfukoni na zote shilingi elfu kumi na nane na mia tano.

Feisal anazikumbuka vizuri. "Moja nyeusi, ya mkono wa pili lakini ya kisasa, ina waifai na kila kitu. Ya pili ya fedha, mpya, haijatolewa kwenye boksi, lakini mtindo wa zamani. Mteja akiniuliza ipi nzuri, mimi namuuliza, nzuri ya kufanyia nini? Dada Winrose akanijibu, nzuri ya kunilisha."

Alimwachia Feisal kitambulisho chake, akaondoka na zote mbili kwa wiki moja. Huo ndio ukawa mwanzo wa mateso ya Musyoki, mumewe, ambaye ni fundi wa mabomba na kwa maelezo yake hakuumbwa kupigwa picha.

"Nikinywa chai, picha mbili. Nikivaa viatu, picha mbili. Juani, kivulini, mlangoni, chini ya mchungwa kwa mama mkwe," anasema Musyoki. "Lakini nitasema ukweli, ile nyeusi ilinifanya kijana. Makunyanzi yote iliyafuta. Mimi nikaipigia kura papo hapo."

Nyeusi ilikuwa na zumu ndefu. Winrose aliielekeza kwenye mti mkubwa kando ya barabara ya Diani, akamwona mbega juu kabisa akitafuna jani, na meno yake angeweza kuyahesabu. Ya fedha ilimwonyesha mti tu. Nyeusi ilikuwa na kioo kinachokunjuka na kugeuka, na ukiibonyeza mara moja ilipiga picha kumi mfululizo kabla hujapepesa jicho. Ya fedha ilipiga moja, kisha ikatulia kuvuta pumzi huku taa yake ikijijaza tena, na wewe unangoja.

Ya fedha ilikuwa na mazuri yake, hata hivyo. Ina kitundu cha kuchungulia, kwa hiyo jua la ufuoni likiwaka huhitaji kukisia kilichomo kwenye kioo. Inatumia betri mbili za kawaida, zile za redio, ambazo hata Vanga, barabara ikiwa tope tupu, utazikuta dukani. Nyeusi ina betri yake maalum, na umeme ukikatika, ndiyo basi.

"Niliziandika kwenye daftari," anasema Winrose. "Nyeusi ilishinda mambo saba, ya fedha manne. Nikamrudishia Feisal ya fedha, nikalipia nyeusi. Nililala usingizi mzuri siku hiyo."

Jumapili iliyofuata alikwenda nayo kwenye ubatizo kanisani Shimba Hills. Waumini walitaka picha zao papo hapo, kwa hiyo aliiunganisha kamera na simu yake, na kila picha aliyoipiga ikahamia yenyewe kwenye simu. Mchungaji alipiga makofi. Winrose alijiona amefika.

Ijumaa yake alikuwa Msambweni, katika nyumba hii hii, kwenye kupamba ya dada mkubwa wa bibi harusi wa leo. Mlangoni alifanya kama ilivyo ada. Aliitumbukiza simu yake kapuni, juu kabisa ya nyingine, akaingia na kamera yake nyeusi.

"Nilijua simu iko kapuni, basi nimetii sheria," anasema, na hata leo anajifunika uso kwa mikono akisimulia. "Akilini mwangu simu ikiwa kapuni imelala. Sikukumbuka kwamba hizi mbili zilikuwa bado zimeshikana tangu kanisani."

Hazikuachana. Kila alipobonyeza kamera sebuleni, hatua sita kutoka mlangoni, simu yake kapuni iliwaka na kuonyesha picha. Jirani aliyewekwa kulinda kapu alikuwa ameingia ndani kidogo kuangalia ngoma. Na wakati huo ndipo Nassir, ndugu wa bwana harusi, alipofika na kreti mbili za soda, akapiga hodi, akainama kuziweka chini.

Kapuni alikuwemo Bi Maimuna. Leso imefungwa kiunoni, kichwa wazi, mvi zote nje, mkono mmoja hewani na mdomo wazi kwa kicheko, katikati ya ngoma ya chakacha.

"Sikuona kitu!" Nassir alipiga ukelele kabla hajaulizwa na mtu yeyote. Ukelele huo ndio uliowatoa wanawake mlangoni, na ndio uliomtia hatiani. Alitimua mbio akaacha ndara moja, ambayo ilirudishwa kwao siku ya tatu.

Leo watu wanaicheka ndara. Siku ile hakucheka mtu. Ngoma ilinyamaza, mabuibui yakavaliwa kwa haraka, na Winrose akabaki katikati ya sebule na kamera yake ya mambo saba mazuri.

"Nilimwomba Bi Maimuna radhi kwa magoti," anasema. "Nikafuta kila kitu mbele yake, kwenye simu na kwenye kadi. Nilipofika kwenye picha yake ile nikamwambia, Bi, itazame kwanza ujue ninachofuta. Akageuza uso. Akasema, futa, sitaki kuiona. Nikafuta."

Kisha anaongeza, "Na ilikuwa nzuri, jamani. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Katika zile kumi za mfululizo, moja ilimkamata pale pale anapocheka. Niliifuta nikiwa ninalia, na sikulia kwa aibu peke yake."

Wiki hiyo hiyo maharusi watatu wa Msambweni walimpigia simu kumwambia wamepata mtu mwingine. Mwezi wa pili haukuleta hata kupamba moja. Alirudi kupiga picha za vitambulisho, na siku nyingine alirudi nyumbani na shilingi mia mbili. Musyoki anasema mkewe alikuwa akifuta vumbi la mashine ya kuchapishia kila asubuhi ingawa haikuwa na kazi.

Feisal hakumsumbua. Winrose alipoirudisha nyeusi na kuomba ile ya fedha, alimpa bila kuongeza hata ndururu. "Bei ni moja, hasara ya nani?" anauliza. Nyeusi aliiuza baada ya siku chache kwa kijana anayepiga watalii picha ufuoni, na anasema yule anaisifu mpaka leo.

Ya fedha haina waifai. Haina namna yoyote ya kutuma kitu popote, ila uitoe kadi kwa mkono. Siku Winrose alipoitazama vizuri aligundua na jambo jingine ambalo daftari lake halikuwa nalo. Alikwenda kwa rafiki yake anayepaka wanawake hina, akampiga picha mikono yake yenye maua ya hina, akailinganisha na picha ya mikono hiyo hiyo aliyoipiga kwa nyeusi wiki ya majaribio bila kuichunguza. Ile kamera iliyofuta makunyanzi ya Musyoki ilikuwa imefuta na ncha za maua ya hina.

"Mpakaji ameinama kwa saa nne nzima, halafu kamera inalainisha kazi yake kama uji," anasema. "Ya fedha ilionyesha kila jani. Nikajilaumu. Nilikuwa nimejaribu kamera kwa uso wa mume wangu, na mume wangu hapambwi."

Aliyemrudisha hapa leo ni bibi harusi mwenyewe, Mishi. Alisema akipigwa picha na mtu mwingine atafunika uso kwa mikono yote miwili. Familia ilikaa kikao. Bi Maimuna, ambaye ndiye aliyedhulumiwa, alikubali kwa sharti moja, kwamba kapu atalilinda yeye na si jirani mpenda ngoma.

Basi amekaa. Ndani Mishi ametolewa, vigelegele vinapasua paa, na kupitia pazia taa ya kamera inaonekana ikimulika, inapumzika, inamulika. Kila inapomulika Bi Maimuna anatupa jicho kapuni. Simu zimetulia kimya.

Mara kapu linawaka.

Mwanga wa buluu unatoka katikati ya simu na kupanda usoni mwa Bi Maimuna. Anasimama kwa kasi ambayo umri wake haukuruhusu. "Winrose!" anaita, na ndani ngoma inakatika. Winrose anatokea penye pazia, kamera mkononi, rangi imemtoka. Nyuma yake wanawake wamejaa.

"Bi, wallahi siyo mimi," anasema, na kwa Mkristo wa Shimba Hills kiapo hicho kinaonyesha hali aliyokuwa nayo.

Ikabidi mwandishi wa makala haya akohoe na kukiri. Simu iliyowaka ilikuwa yake. Mhariri wake alikuwa akipiga kutoka Mombasa.

"Anataka nini huyo?" akauliza Bi Maimuna, bado amesimama.

"Anataka picha ya bibi harusi, Bi."

"Mwambie aje mwenyewe kuichukua."

Kicheko kilichotoka nyuma ya pazia kilianza na mmoja kikaishia kwa wote. Winrose aliegemea ukuta akicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Bi Maimuna alikitazama kile kikamera cha fedha, akalitazama kapu, akarudi kwenye kamera. Nadhani hapo ndipo alipoamini kwamba kweli hakizungumzi na mtu.

Alikaa kidogo tu. Ngoma iliporudi, mguu wake ukaanza kuitikia chini ya kiti.

"Winrose," aliita, safari hii kwa sauti ya chini. "Ile picha. Ile uliyoifuta. Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri sana, Bi Maimuna."

"Nassir amewaambia watu nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa unacheka mpaka magego."

Mzee akasimama. Akavua buibui lake, akatoa leso kutoka chini ya kiti, na kwa hilo ikajulikana kwamba alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Mwandishi aligeuzia uso barabarani bila kuambiwa. "Wewe," sauti yake ikaja kutoka nyuma, "kaa na hilo kapu. Usiguse kitu."

Hapa ndipo tofauti ya kamera mbili ilipopata maana yake yote. Nyeusi ingepiga kumi na kuchagua. Ya fedha ingepiga moja, kisha ingelala kuvuta pumzi, na kufikia hapo kicheko cha Bi Maimuna kingekuwa kimepita. Winrose alikuwa na nafasi moja. Walioshuhudia wanasema hakuinua kamera kwa muda mrefu, alisimama tu akimtazama mzee anavyozunguka, akisoma mabega yake. Ngoma ilipanda, vigelegele vikapanda. Kutoka barazani ulionekana mmuliko mmoja.

Alipotoka, Bi Maimuna alikuwa amekwisha kuvaa buibui lake, jasho linamtiririka. Walisimama mlangoni wawili hao, na Winrose akamshikia kile kioo kidogo cha kamera.

"Geuka tena," mzee akamwambia mwandishi. Mwandishi akageuka.

Halafu kikaja kicheko cha chinichini, cha mtu anayecheka na nafsi yake.

"Ile ya kwanza aliiona Nassir," alisema Bi Maimuna. "Hii nimeiona mwenyewe."

Aliamuru ichapishwe kubwa na itundikwe chumbani kwake, siyo sebuleni. Alipoulizwa kama mambo yake yanaweza kuandikwa, alisema, "Andika. Nywele zangu zisiwemo gazetini, maneno yangu yawemo." Ndiyo maana picha pekee inayofuatana na makala haya ni ya kapu, na mhariri atatuwia radhi.

Kadi ilitolewa mbele ya watu wote na kukabidhiwa mama wa bibi harusi. Kabla Winrose hajavaa viatu, mama mmoja aitwaye Ummi, anayemwoza binti yake Ijumaa ijayo, alikuwa amemshika mkono na kumwuliza kama ana nafasi.

Akisubiri usafiri wa kurudi Ukunda, pale pale barazani, Winrose alizungumzia ndoto yake. Anataka chumba kimoja karibu na stendi, cha kodi ya shilingi elfu nane kwa mwezi, chenye pazia zito na kufuli ya ndani. Studio ya wanawake peke yao. Atakayetaka kupigwa picha na nywele zake aje, apambwe, apigwe, aondoke na kadi yake. Amekwisha kuweka nusu ya kodi ya miezi mitatu ya kwanza, na Musyoki ameahidi kumwekea bomba bure, mradi yeye mwenyewe asipigwe picha tena.

"Kamera ninayo, mashine ninayo," alisema. "Zimebaki kodi na kioo kikubwa cha ukutani."

Bi Maimuna, aliyekuwa mlangoni akiwarudishia wanawake simu zao moja moja, alimsikia. Alipotoa ya mwisho, ile iliyofungwa kwa mpira, aliligeuza kapu, akalikung'uta vumbi kwa kiganja na kumtia Winrose mkononi.

"Na hili uchukue," alisema. "Huko chumbani kwako simu watu wataziweka wapi?"